Shajara ya Mradi: Kanuni za Vivuko katika Mchezo Wetu wa Mezani, Moshi

Februari. Hali ya mradi kabla ya vivuko

Mchezo tunaoutunga ni wa mezani na wa kuigiza wahusika: msimulizi mmoja hueleza hali ya mambo, kila mchezaji humsemea mhusika wake, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dadu huamua. Hadithi tumeiweka mwaka 2187 katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, wakati ambapo watu husafiri kwa vivuko, yaani mitambo inayomwondoa mtu mahali alipo na kumweka mahali pengine papo hapo bila kumpitisha katikati. Wahusika ni wapeleka vifurushi, baadhi wa halali na baadhi wa magendo. Kanuni za mapigano, biashara na ujuzi zimekwisha kufikia kiwango cha kuchezeka, nazo zinatumia dadu mbili za kawaida zenye nyuso sita, kwa kuwa hizo zinapatikana katika duka lolote linalouza ludo, ilhali zile zenye nyuso nyingi ni za kuagiza kutoka nje.

Kilichobaki ni kivuko chenyewe, nacho ni kigumu kuliko vyote vilivyotangulia. Mchezo wa namna hii huishi kwa vikwazo: mto uliofurika, mlango uliofungwa, askari kwenye kizuizi, safari ndefu ambayo ndani yake watu hugombana na kupatana. Mhusika anayeweza kutokea popote apendapo hana mto, hana mlango, wala hana safari. Katika kikao cha kwanza cha majaribio, kifurushi kilichokusudiwa kutuchukua jioni nzima kutoka soko la Kilombero mjini Arusha hadi Kiboriloni mjini Moshi kilifika kabla chai haijapoa, na mchezaji mmoja mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mangi, aliuliza kwa upole kama sasa tunaweza kucheza karata.

Watunzi wa michezo wamezoea kulikabili tatizo hili kwa kuweka idadi, kwa mfano mara moja kwa siku, au kwa kuweka bahati mbaya: mchezaji hurusha dadu, na akikosa mhusika wake hutokea hewani au ndani ya ardhi, desturi iliyokuwapo tangu mchezo wa kwanza wa aina hii ulipochapishwa Marekani mwaka 1974. Idadi haituridhishi kwa sababu haina maelezo. Mtu akiuliza kwa nini mtambo uliofanya kazi asubuhi umegoma jioni, jibu ni kwamba mtunzi ameamua. Bahati mbaya ina kasoro kubwa zaidi. Uwezekano wa kupata moja na moja kwa dadu mbili ni 1 kati ya 36, kiasi kinachoonekana kidogo hadi mtu akumbuke kwamba wahusika wanne wakivuka mara tisa kila mmoja, kwa wastani mmoja wao atakufa bila kuwa na kosa lolote, na mchezaji aliyemlea mhusika huyo kwa miezi atabaki akizitazama dadu. Tunachokitafuta ni bei inayojulikana kabla ya kuvuka, ili mhusika anayekufa awe amekufa kwa uamuzi wa mwenyewe.

Machi. Joto la mwinuko

Pendekezo lililokubaliwa limetoka kwa mwalimu wa fizikia aliye katika kundi letu. Wazo la kumlipisha msafiri kwa joto la mwili wake si jipya, na wasomaji wa hadithi za kisayansi wanalifahamu tangu zamani. Jipya ni kulileta chini ya Kilimanjaro, mahali ambapo linauma kuliko karibu popote pengine.

Nishati haipotei wala haizuki. Mtu anayepanda mlima kwa miguu huilipia nishati ya mwinuko kwa misuli yake na kwa ugali aliokula, na anayeshuka huirudisha kidogo kidogo kupitia magoti na breki za mwili. Anayevuka papo hapo hana misuli ya kulipia wala magoti ya kurudishia, kwa hiyo tofauti ya nishati lazima itoke mahali fulani, na mahali palipo karibu zaidi ni mwili wenyewe. Kila kilo ya mwili inayopandishwa mita 350 inahitaji takribani jouli 3,430 (jouli ni kipimo cha nishati), na kwa kuwa kilo moja ya mwili wa binadamu hupata au hupoteza nyuzi joto 1 kwa kiasi cha jouli 3,500 hivi, hesabu inakuja vizuri mno kwa mchezo: kila mita 350 za kupanda humpoza msafiri kwa nyuzi 1, na kila mita 350 za kushuka humpasha kwa nyuzi 1. Uzito wa mtu hauna athari, maana kila kilo hujilipia yenyewe. Kipimo hiki cha mita 350 tumekiita hatua.

Tulichukua ramani na kuanza kupiga hesabu. Moshi ipo takribani mita 850 juu ya usawa wa bahari na Arusha takribani mita 1,400, kwa hiyo anayevuka kutoka Moshi kwenda Arusha hushuka kutoka nyuzi 37 hadi 35 na nukta, na hufika akitetemeka. Anayetoka Arusha kuja Moshi hufika na nyuzi 38 na nusu, yaani na homa bila malaria. Kutoka Moshi hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni hatua 14. Mtu aliyevuka moja kwa moja angefika akiwa na nyuzi 23, na aliyeshuka moja kwa moja angefika Moshi akiwa na nyuzi 51. Wote wawili ni maiti, na hakuna aliyehitaji kurusha dadu ili kulijua hilo.

Mipaka ya madhara imepangwa na dada mmoja anayesomea uuguzi, ambaye alikataa katakata pendekezo letu la awali la kumruhusu mhusika kupigana akiwa na nyuzi 30. Chini ya 35 mhusika hutetemeka kiasi cha kupunguziwa pointi moja katika kila kazi ya mikono. Chini ya 32 huacha kutetemeka, hali ambayo mchezaji mgeni huidhania nafuu, kumbe ndipo akili inapoanza kuchanganyikiwa, na kuanzia hapo mchezaji haruhusiwi kuamua jambo bila kurusha dadu. Chini ya 28 huzimia na moyo wake huwa hatarini. Kwa upande wa juu, 39 ni homa, 41 ni kuchanganyikiwa, na 43 ni mwisho. Kwenye karatasi ya mhusika tumechora mstari wa nyuzi kuanzia 26 hadi 43, na joto la mhusika huonyeshwa kwa komwe moja ya bao inayosogezwa kushoto au kulia. Komwe hiyo imependwa kuliko kanuni yenyewe. Wachezaji huitazama kama dereva anavyoitazama mishale ya dashibodi.

Aprili. Vituo

Matokeo ya kanuni ya joto yalijitokeza yenyewe katika majaribio ya mwezi huu, na sikuyatarajia. Kikundi kilitakiwa kupeleka kifurushi Uhuru. Kwa kuwa hatua 14 haziwezekani kwa mkupuo mmoja, walianza kuzigawa: hatua tatu hivi hadi geti la Marangu, mbili na nusu hadi kibanda cha Mandara palipo na takribani mita 2,700, tatu hadi kibanda cha Horombo, tatu hadi kibanda cha Kibo, na tatu na nusu za mwisho hadi kileleni. Katika kila kituo walilazimika kukaa karibu na moto na kunywa uji wa moto ili komwe irudi kwenye 37, na kanuni inasema joto hurudi kwa nyuzi 1 kila saa. Bila mtu yeyote kuwaelekeza, walikuwa wameichora upya njia ile ile ya vibanda ambayo wapanda mlima huifuata hadi leo. Mzee mmoja wa kundi letu, aliyewahi kuwa mpagazi kwa miaka mingi, aliitazama ramani yao akasema kwamba hiyo ni njia ya Marangu, na kwamba kumbe hata mwaka 2187 mlima bado unataka watu waende pole pole.

Ni yeye pia aliyetukumbusha kwamba joto si hatari pekee ya mwinuko. Shinikizo la hewa kileleni ni takribani nusu ya lile la pwani, na mwili usiozoezwa huumwa kichwa, hutapika, na pengine hujaa maji mapafuni. Kuota moto hakuponyi jambo hilo. Kwa hiyo mhusika anayevuka kupita Horombo bila kulala usiku mmoja juu ya mita 2,700 hurusha dadu mbili asubuhi inayofuata, na akipata chini ya 8, jambo linalotokea mara 21 kati ya 36, hawezi kuendelea kupanda siku hiyo. Hapa dadu zimeruhusiwa kwa sababu mchezaji anaweza kuziepuka kabisa akikubali kulala.

Mei. Kishindo

Wakati wa mvua za masika vikao vilihamia nyumbani kwa mwalimu, na huko ndiko alikoileta hesabu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni nzuri kuliko ya joto ingawa ni ngumu kuieleza mezani.

Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na mtu aliye karibu na ikweta kama sisi hubebwa kuelekea mashariki kwa takribani mita 465 kwa sekunde bila kuhisi. Arusha na Moshi zinakwenda kwa kasi moja, lakini uso wa dunia umepinda, na kwa sababu hiyo upande wa mashariki ukiwa Arusha na upande wa mashariki ukiwa Moshi si mmoja barabara. Tofauti ya miji hii miwili ni chini kidogo ya theluthi mbili za digrii ya longitudo, na msafiri anayevuka huku akiwa bado na mwendo alioanza nao hujikuta na ziada ya takribani mita 5 kwa sekunde. Anayetoka Arusha kwenda Moshi hutupwa juu na kupaa karibu mita moja na nusu kabla ya kurudi sakafuni. Anayetoka Moshi kwenda Arusha hubamizwa chini kama mtu aliyeruka kutoka juu ya ukuta wa kimo hicho hicho. Kivuko cha Moshi, basi, kinahitaji paa refu, na cha Arusha kinahitaji magodoro. Mafundi ujenzi wa mchezo wetu wamepata kazi.

Kila digrii moja ya longitudo ni takribani mita 8 kwa sekunde, na kanuni inasema kila nusu digrii kamili ni dadu moja ya madhara, huku mtu wa kawaida akiwa na pointi 12 za uhai. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni karibu digrii mbili, kwa hiyo dadu tatu, ambazo wastani wake ni kumi na nusu. Kwa hali halisi hiyo ni zaidi ya mita 15 kwa sekunde, kasi ya gari linalokaribia kilomita 60 kwa saa, na anayenusurika asilalamike. Lakini Nairobi, ambayo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Arusha kwa mstari ulionyooka, iko karibu kabisa kaskazini, na msafiri wa kwenda huko hufika na mtikisiko wa mita moja hivi kwa sekunde, sawa na kukosea ngazi moja, pamoja na ubaridi wa nyuzi 1. Ramani ya mchezo imepinduka: Nairobi ni jirani wa Arusha kuliko Moshi. Biashara ya magendo katika hadithi yetu sasa inaelekea kaskazini na kusini, na safari za mashariki na magharibi ni za wenye haraka au wasio na akili. Mabadiliko hayo ya uchumi mzima wa hadithi hatukuyapanga. Yametoka katika mstari mmoja wa hesabu, na ndiyo sababu sitakubali kanuni ya kishindo irahisishwe zaidi ya hapa.

Bado Mei. Je, kinachosafiri ni mwili?

Jambo hili nitalipitia haraka, ingawa lilizua ubishi mrefu. Fizikia ya kweli ina kitu chenye jina la kufanana na kivuko. Mwaka 1993 wanasayansi sita, akiwamo Charles Bennett, walionyesha kwa nadharia kwamba hali ya chembe moja inaweza kuhamishiwa kwenye chembe nyingine iliyo mbali. Mwaka 1997 kundi la Anton Zeilinger mjini Innsbruck lilitangaza kulifanikisha hilo kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Na mwaka 2017 watafiti wa China walitangaza kwamba wamehamisha hali ya fotoni kutoka ardhini hadi kwenye setilaiti, umbali uliofikia kilomita 1,400. Kinachohama katika majaribio hayo ni hali ya chembe, si chembe yenyewe. Hali ya asili hufutika upande wa kwanza, pande zote mbili lazima ziwe zimegawana jozi za chembe zilizofungamana, yaani zenye hali zinazotegemeana, kabla ya kuanza, na ujumbe wa kawaida usiozidi kasi ya mwanga lazima utumwe ndipo kazi ikamilike.

Mwalimu alitoa angalizo ambalo lilitulazimisha kuchagua. Ikiwa kinachosafiri ni hali tu, malighafi ya mwili tayari iko upande wa pili, kwa hiyo hakuna mwinuko wa kulipia wala kishindo, na kazi yote ya Machi inaporomoka. Tumeamua kwamba katika mchezo wetu mwili wenyewe ndio unaosafiri. Kutoka katika fizikia ya kwanta tumeazima masharti tu: hakuna kuvuka kwenda mahali pasipo na kivuko, na kila mvuko hula jozi moja kutoka katika akiba ya vivuko viwili vinavyohusika. Jozi zikiisha, sanduku jipya lazima lipelekwe kwa gari, kupitia Usa River na Boma Ng'ombe kama mzigo mwingine wowote, na sanduku hilo linaweza kuibwa. Barabara imerudi mchezoni, na Mangi hajataja karata tena.

Juni. Uzani

Huyo huyo Mangi ndiye aliyelivunja jedwali la joto, tena kwa swali moja. "Mwalimu, naomba nikuulize," alisema. "Mimi nikiwa nashuka na wewe unapanda dakika hiyo hiyo, tena uzito wetu ni mmoja, hilo joto anadaiwa nani?" Mwalimu alifikiri kidogo, akacheka, akajibu: "Hadaiwi mtu, Mangi. Umenifunga."

Kwa kweli hesabu inamuunga mkono. Nishati anayoiachia anayeshuka ndiyo anayoihitaji anayepanda, na vivuko viwili vikibadilishana watu wenye uzito sawa kwa wakati mmoja, hakuna joto linalobaki wala linalopungua. Tungeweza kulipiga marufuku, lakini hiyo ingekuwa kurudi kwenye kanuni zisizo na maelezo, na isitoshe kikao kilichofuata kilikuwa cha kuchekesha kuliko vyote. Msimulizi aliweka wapiga debe kwenye kivuko cha Moshi, wakiita kwa sauti, "Sabini Arusha! Kilo sabini wa Arusha, mmoja tu tunaondoka!" huku mizani ikiwa mlangoni na abiria mnene akiambiwa asubiri mwenzake. Kanuni iliyotokana na kikao hicho ni kwamba wasafiri wawili waliotofautiana kwa kilo 20 au pungufu husawazishwa, na mzito kati yao hulipa robo ya nyuzi za safari. Tofauti ikizidi kilo 20, kila mmoja hujilipia. Kishindo hakisawazishwi. Mwalimu anasema kingeweza, mimi nimekataa, kwa sababu mchezo unahitaji bei moja isiyoweza kukwepwa kwa maarifa ya sokoni.

Mangi hakuishia kwa watu. Ikiwa kinachohitajika ni uzito tu, alisema, kwa nini upande wa juu usiwekwe mawe? Kilele kimejaa mawe. Kila abiria anayepanda ateremshiwe jiwe la uzito wake, na safari ya hatua 14 itakuwa bure. Hapo mzee wetu akaingilia. Mlima ni hifadhi ya taifa, na katika hadithi tumeamua iendelee kuwa hivyo: jiwe halitolewi, barafu haitolewi. Kitu kinachoteremshwa kama uzani lazima kwanza kiwe kimepandishwa, na kwa kuwa kukipandisha kwa kivuko kunadai uzani mwingine, mwisho wa mnyororo huo ni kichwa cha mpagazi. Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20. Abiria mmoja wa kilo 60 anayetaka kufika kileleni bila kuganda anahitaji wapagazi watatu wawe wamepanda na mizigo ya mchanga siku kadhaa kabla yake.

Jambo hili limebadilisha siasa nzima ya hadithi. Wapagazi, ambao katika rasimu ya kwanza walitajwa kama watu waliokosa kazi kwa sababu ya vivuko, sasa ndio wenye mlima. Wao ndio wanaojua ni mifuko mingapi ya mchanga iliyopo katika kila kituo, wao ndio wanaoweza kugoma, na mhusika mwenye fedha bila urafiki nao atapanda kwa komwe yake mwenyewe, nyuzi baada ya nyuzi. Mzee ameandika mwenyewe sehemu ya majadiliano ya malipo, na nimeihariri kidogo sana, maana anajua kuliko mimi namna bei inavyopanda pale ambapo mteja ameshafika Horombo na hawezi kurudi.

Kuna upenyo mmoja ambao tumeuacha wazi kwa makusudi. Ukanda wa msitu, ambamo Mandara imo, hupata mvua nyingi kuliko sehemu za juu, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi hayajatolewa ardhini na mtu. Zaidi ya hayo, mwili wa binadamu una ujazo unaokaribiana sana na ule wa maji ya uzito huo huo, kwa hiyo abiria wa kilo 60 na lita 60 za maji hubadilishana nafasi karibu bila tofauti. Basi wakati wa masika kupanda hadi Mandara ni rahisi, na Moshi hupokea maji safi kila abiria anapoondoka. Wakati wa kiangazi tangi hukauka na bei hupanda. Msimulizi sasa anatakiwa kujua ni mwezi gani katika hadithi, sharti ambalo katika rasimu ya Februari halikuwapo.

Julai. Kinachobaki nyuma

Kubadilishana nafasi kumetupa kanuni ndogo ambayo wachezaji wanaitumia kuliko tulivyodhani. Anayefika lazima apishwe na kitu, na kitu hicho huenda alikotoka yeye. Kwa kawaida ni hewa, lita 70 hivi kwa mtu mzima. Kwa hiyo mtoro aliyevuka huacha nyuma yake hewa ya mahali alipokwenda: yenye moshi wa soko, yenye harufu ya kahawa inayokaangwa, au kavu na ya baridi kali. Mhusika mwenye ujuzi wa kufuatilia akiingia kwenye kivuko ndani ya dakika moja hurusha dadu mbili akitafuta 8 au zaidi, na akifaulu msimulizi humweleza harufu na joto la hewa hiyo bila kumtajia jina la mahali. Mchezaji ndiye anayekisia. Kanuni ina mistari mitatu tu, na sina mpango wa kuiongeza.

Agosti. Vyuma

Jedwali la joto lilitungwa kwa ajili ya miili, lakini kifurushi pia hupanda na kushuka. Dada wa uuguzi alianza na chanjo, ambazo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8: boksi lililopimwa nyuzi 7 Arusha hufika Moshi likiwa limezidi 8 kidogo, na mpeleka kifurushi mwaminifu anapaswa kulipoza zaidi kabla ya kuondoka. Hilo linafaa sana kwa hadithi. Kisha mwalimu akapiga hesabu ya chuma, na meza ikanyamaza. Kilo moja ya chuma huhitaji takribani jouli 450 tu kupanda nyuzi 1, karibu mara nane pungufu ya mwili. Kile kinachompa mtu homa ya nyuzi moja na nusu kutoka Arusha hadi Moshi huipa panga lake nyuzi 12. Kutoka Uhuru hadi Moshi, chuma huongezeka nyuzi 110. Anayelishika panga hilo atalitupa. Na kwa anayepanda kutoka Moshi hadi Kibo kwa mkupuo, kufuli lililokuwa na nyuzi 25 litafika likiwa na takribani nyuzi 60 chini ya sifuri, na litang'ang'ania ngozi.

Kanuni iliyoandikwa ni fupi: kwa vyuma, zidisha nyuzi za safari kwa nane. Athari yake ni kubwa. Bastola, mapanga, funguo na sarafu havivuki mlima bila kuharibika au kumdhuru mwenye navyo, isipokuwa kwa uzani uliosawazishwa, na walinzi wa geti la Marangu wanayo ndoo ya kukusanyia vyuma kabla ya kila mvuko. Mapigano ya kileleni, ambayo katika rasimu za mwanzo yalikuwa ya risasi, sasa ni ya fimbo na maneno, na yamekuwa magumu kuyaendesha na mazuri kuyasikiliza.

Kazi iliyobaki kabla ya kupeleka nakala kwa kundi la Arusha ni kuchapa jedwali la vituo kwenye kadi moja ngumu, ili mchezaji asihitaji kalamu wakati wa kufukuzwa: hatua, nusu digrii, na safu ya vyuma, bila maelezo. Pia tunahitaji uamuzi kuhusu vyuma vilivyomo ndani ya mwili, kama meno yaliyozibwa na mifupa iliyofungwa vipande vya chuma. Kwa sasa rasimu inasema kwamba mhusika wa namna hiyo havuki zaidi ya hatua mbili kwa mkupuo bila uzani; Mangi, ambaye mhusika wake amefungwa chuma mguuni tangu kikao cha Aprili, ameshawasilisha pingamizi, na litasikilizwa Jumamosi.